Bwawa Halioteshi Majani

Kiangazi kikikolea, mito ya mchanga ya kusini mwa Tanzania hubaki na madimbwi ya kuhesabika. Tembo hukwangua mchanga kwa mguu, huingiza mkonga, husubiri maji yajichuje, hunywa. Akishaondoka, nyani hukimbilia shimo alilochimba. Mgeni aliyefika Lukwika-Lumesule, pori la akiba lililo Nanyumbu, wilaya iliyomegwa kutoka Masasi, huona dhiki hiyo na kuuliza kwa nini wanyama hawa hawachimbiwi mabwawa. Ni swali la huruma, lakini kinachoamua uhai wa mnyama kiangazi ni umbali kati ya maji na malisho. Wazee wa Newala wanalijua hili: walilima juu ya nyanda za Makonde na kuteremka bondeni kuchota maji, kwa sababu kisima bila shamba hakilishi mtu. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo Tsavo, Kenya, hasa majike na watoto, ambao hawakuweza kwenda mbali na mito. Maji walikuwa nayo; majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Huko Kruger, Afrika Kusini, visima vya kuchimbwa viliwavuta pundamilia na nyumbu hadi kwenye nyasi ndefu za swala aitwaye korongo, na simba wakawafuata. Korongo takriban 450 wa mwaka 1986 walibaki kama 45 mwaka 1993, na hifadhi ikaanza kufunga visima vyake vingi.

Yupo atakayeutaja Ruaha Mkuu, unaokauka kiangazi tangu miaka ya 1990: je, huko nako tutazame tu? Hapana. Mto ule umekaushwa na watu, kwa maji yanayochepushwa kwenda mashambani huko Usangu, na dawa yake ni kuurudishia maji yake. Mwingine atasema bwawa porini litawazuia tembo wasiingie vijijini. Hoja hii ina uzito, maana anayelala njaa baada ya shamba kuliwa ni mkulima. Lakini tembo anayefuata mahindi na mabibo anatafuta chakula, na bwawa karibu na mashamba litampa sababu ya kukaa hapo hapo mwaka mzima. Fedha za kuchimba mabwawa zingefaa zaidi kulinda njia za tembo za kufikia mto Ruvuma, na kuvuka hadi Niassa, Msumbiji, zisizibwe na mashamba mapya, na kuwalipa askari wa vijiji wanaokesha wakilinda mazao.