Uvumilivu wa Mkristo Si Kufunga Mdomo



Kuna jambo tunalisikia sana vikundini, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Mwenzetu akifiwa, au kibanda chake kikichomwa, au akiachishwa kazi bila kulipwa haki zake, tunamwambia, "Vumilia tu, ni mapenzi ya Mungu." Halafu tunachanga kidogo, tunakunywa chai, kila mtu anashika njia yake. Kuvumilia ni neno jema na Biblia imelijaa. Lakini hilo la mapenzi ya Mungu, jamani, tusiwe wepesi kulitamka.

Hebu tuitazame Likoni yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati, wakafa watu 272. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Sasa kupakia kupita kiasi ni mapenzi ya nani? Mfiwa anaweza kumlilia Mungu na kumkabidhi marehemu wake, na hapo hapo akauliza ni nani aliyeruhusu chombo kile kung'oa nanga. Maswali hayo mawili hayapigani.

Tukaja 1997, mwaka wa uchaguzi. Usiku wa tarehe 13 Agosti wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri, wakaua polisi, wakaiba bunduki. Vipeperushi vilikuwa vinawaambia watu wa bara warudi kwao. Nyumba na vibanda vikachomwa, zaidi ya watu 100 wakauawa, na makumi ya maelfu wakahama. Maelfu walikimbilia kiwanja cha Kanisa Katoliki la Likoni. Aliyewahi kulala nje na watoto, akingoja mgao wa unga na hana hakika ya usiku, anajua uvumilivu ni kazi ya mikono na miguu. Si kukaa tu.

Na haukuishia kiwanjani. Mwaka 1998 iliundwa tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza vurugu za kikabila nchini, na mashahidi wakaenda kusema waliyoyaona. Ripoti ilikamilika 1999, wananchi wakaja kuiona 2002. Ilionyesha kwamba siasa zilikuwa na mkono mkubwa katika vurugu zile. Kungoja miaka yote hiyo ni mateso mengine. Hata hivyo, aliyetoa ushahidi hakupungukiwa na imani kwa sababu hakunyamaza. Msomeni Paulo kule Filipi, Matendo 16. Yeye na Sila walichapwa bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani, na usiku wa manane wakawa wanaimba. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Lakini asubuhi mahakimu walipotaka kuwatoa kimya kimya, Paulo alikataa katakata: sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Mtu yule yule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi.

Kuna mateso mengine yanayomfika mtu akiwa ibadani hasa. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus, Likoni, wakafyatua risasi. Watu 6 walikufa. Hapa ndipo penye mtihani mgumu kuliko wote, maana moyo hutafuta wa kumlipiza, na aliye karibu ni jirani Mwislamu ambaye hakujua lolote. Huyo ndiye tunayechota naye maji na kuchanga naye kwenye kikundi. Wauaji watafutwe na washitakiwe wao wenyewe. Jirani aachwe na amani yake.

Sasa kikundi kifanye nini? Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila neno. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini ameteseka, na mwishoni Mungu aliwakemea wao. Basi matangani tupunguze maelezo. Tuketi, tupike, tumwache mwenzetu alie, hata akisema maneno makali juu ya Mungu. Ayubu naye aliyasema.

Baada ya hapo ipo kazi ya katibu. Kama tukio lina mkono wa mtu, aandike siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, mali iliyopotea, majina ya walioona. Watu wawili wamsindikize mwenzetu kituoni kupiga ripoti, wala wasiondoke bila namba ya OB. Pale anapogopa kwenda, asilazimishwe, ila kumbukumbu zihifadhiwe. Mweka hazina naye asifikirie mchango wa matanga peke yake. Ada ya shule huja Januari, na wakati huo wageni wote wameshakwenda. Vikundi vingine vinaweza kumwachia mfiwa zamu ya mbele kwenye merigoraundi. Hilo mwamue wenyewe kikaoni, naye awepo, asije akapangiwa mambo kama mtoto.