Visawe vya Kiingereza: Neno na Majirani Zake

Kivumishi "kali" huandamana na nomino nyingi za Kiswahili bila taabu, kwani kisu huwa kikali na mbwa huwa mkali, na mwalimu, pilipili, upepo, maumivu na pombe navyo hupewa sifa hiyo hiyo, huku msikilizaji akielewa kila mara kinachokusudiwa. Anayetaka kuyasema hayo kwa Kiingereza hulazimika kuigawa kazi ya neno hilo moja kwa maneno mengi, kwa kuwa kisu ni "sharp", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", pilipili ni "hot", maumivu ni "severe", na upepo na pombe ni "strong". Akifungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, huenda akayakuta maneno hayo yamepangwa katika mstari mmoja na kutenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba lolote kati yao linaweza kushika nafasi ya jingine, na hapo ndipo makosa mengi ya wanafunzi, waandishi wa habari na wafasiri huanzia.

Wanaisimu huyaita maneno yenye maana zinazokaribiana visawe, lakini wengi wao hukubali kwamba visawe kamili, yaani maneno mawili yanayoweza kubadilishana nafasi katika kila sentensi bila chochote kupungua wala kuongezeka, ni nadra mno katika lugha yoyote. Tofauti iliyo ngumu zaidi kwa mgeni ni ile isiyotokana na maana yenyewe, bali na mazoea ya maneno kukaa pamoja. Mvua kubwa kwa Kiingereza ni "heavy", wala si "big" wala "strong", ilhali upepo mkali ni "strong" na hauwi "heavy". Chai iliyokolea majani ni "strong", na atakayeiita "powerful" ataeleweka, lakini papo hapo atajulikana kuwa lugha hiyo si yake. Mazoea hayo yalipewa uzito katika isimu na J. R. Firth, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kushika nafasi ya profesa wa isimu ya jumla katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1944, ambaye alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno yanayozoea kuandamana nalo. Kwa mtazamo huo, anayejifunza neno "severe" bila kujifunza kwamba linaandamana na maumivu, ukame na adhabu amejifunza nusu tu ya neno hilo.

Wingi wa visawe katika Kiingereza una historia yake. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kushinda vita vya Hastings mwaka 1066, watawala wa Uingereza walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, na wakulima wakaendelea na Kiingereza chao, hata ikafika mwaka 1362 ndipo sheria ikaagiza mashauri mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba watu hawakuelewa yaliyosemwa juu yao. Kufikia wakati huo maelfu ya maneno ya Kifaransa yalikuwa yamekwisha kuingia, mara nyingi bila kuyafukuza ya zamani, na katika karne za 16 na 17 wasomi wakaongeza mengine kutoka Kilatini na Kigiriki. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", neno la asili, na nyama yake mezani ni "beef", neno la Kifaransa. Ndiyo maana pia kitendo cha kuuliza kina "ask" la asili, "question" lililopitia Kifaransa na "interrogate" lililotoka Kilatini. Mtoto humwuliza mama yake kwa neno la kwanza, mwanasheria humhoji shahidi kwa la pili, na polisi humbana mtuhumiwa kwa la tatu. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuandika kwamba mgonjwa "was interrogated" na daktari wake kana kwamba ameshukiwa wizi.

Kutokana na historia hiyo maneno ya asili, ambayo kwa kawaida ni mafupi, yalibaki kuwa ya nyumbani na ya moyoni, na yale ya Kifaransa na Kilatini yakachukua harufu ya ofisi, hivyo "help", "buy" na "begin" husikika mezani, lakini "assistance", "purchase" na "commence" husikika katika barua na mikataba. Kigezo hiki kina mipaka, kwani maneno kama "people" na "table" nayo yalitoka Kifaransa na leo hayana urasmi wowote. Hata hivyo kinafaa kukumbukwa katika Afrika Mashariki, ambako barua nyingi za maombi ya kazi hujazwa maneno marefu kwa imani kwamba urefu ni dalili ya elimu. Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza vijana wengi wenye uwezo: msomaji wa barua hiyo hutafuta kujua mwombaji amefanya nini, na sentensi yenye "use" humfikisha huko upesi kuliko yenye "utilize", isipokuwa pale ambapo neno refu lina jambo la ziada la kusema.

Kuna pia tofauti ya hisia, ambapo maneno mawili huelekeza kitu kimoja lakini moja husifu na jingine hulaumu. Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa vyema, maana hawezi kusema kwamba mzoga wa marehemu umezikwa, wala hatatangaza msiba kwa kitenzi "kufa" pale ambapo "kufariki" kunatarajiwa. Vivyo hivyo mtu mwembamba anayeitwa "slim" amesifiwa, akiitwa "thin" ameelezwa tu, na akiitwa "skinny" huenda akaudhika, ilhali barabara nyembamba haiwi lolote kati ya hayo, bali ni "narrow". Zawadi ya bei rahisi ikiitwa "cheap" mbele ya aliyeitoa huweza kumvunja moyo, kwa sababu neno hilo hubeba pia maana ya kitu duni, na "inexpensive" halibebi lawama hiyo. Hatari zaidi ni jozi zinazokutana katika Kiswahili kwa umbo moja: "historic" na "historical" zote hutafsiriwa "ya kihistoria", ingawa la kwanza ni la tukio kubwa lenye kukumbukwa na la pili ni la chochote kinachohusu mambo ya kale, na "childlike" na "childish" zote huwa "ya kitoto", ingawa la kwanza hutaja unyofu na la pili hutaja utovu wa busara.

Visawe vingine hutenganishwa na sarufi. Kitenzi "kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, na kwa hiyo ombi la "niazime kalamu" hugeuka "borrow me a pen" katika madarasa mengi, wakati Kiingereza kinadai "lend" kwa mtoaji na "borrow" kwa mpokeaji. Hapa Kiswahili chenyewe kina msaada ambao walimu hawautumii vya kutosha, kwa kuwa jozi ya "kukopa" na "kukopesha" inaonyesha mgawanyo huo huo. Tofauti kati ya "say" na "tell" nayo inafanana na ya "kusema" na "kuambia": kama vile Kiswahili kisivyokubali "aliambia kwamba" bila kutaja aliyeambiwa, ndivyo "tell" kwa kawaida lisivyokaa bila mtu baada yake, na mwanafunzi akishaonyeshwa ulinganifu huo hana sababu ya kuandika "he said me".

Kitabu mashuhuri zaidi cha visawe vya Kiingereza ni kile cha Peter Mark Roget, daktari aliyezaliwa London mwaka 1779, aliyeanza kuyakusanya maneno kwa matumizi yake mwenyewe mwaka 1805 na kukichapisha mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73. Roget aliyapanga maneno kwa makundi ya dhana bila kutoa fasili, kwa kuwa alimkusudia mtu anayelijua neno tayari lakini limemtoka kichwani. Anayekitumia kitabu cha namna hiyo, au orodha ya visawe iliyomo katika programu ya kompyuta, ili kuokota neno asilolijua hukitumia kwa kazi ambayo hakikutengenezewa. Mwanafunzi hufaidika zaidi na kamusi za wajifunzaji, mfano wa ile iliyoandaliwa na A. S. Hornby na wenzake wakifundisha Japani, ikachapwa huko mwaka 1942, au ile ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyotungwa Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kuchambua kwa kompyuta mamilioni ya maneno yaliyotumiwa kweli. Ubora wa kamusi hizo uko katika sentensi za mifano, ambazo wasomaji wengi huziruka wakikimbilia maana.

Mfasiri wa sheria hukutana na hali ya pekee, kwani mawakili wa Kiingereza walizoea kuviweka visawe viwili pamoja badala ya kuchagua, mara nyingi kimoja cha asili na kimoja cha Kifaransa au Kilatini, na hadi leo hati husema "will and testament" na "goods and chattels". Yeyote anayejaribu kupata maneno mawili ya Kiswahili kwa kila jozi hizo huishia kubuni tofauti ambayo haimo katika hati ya awali. Kwa jozi ya kwanza "wasia" unatosha, na kwa ya pili "mali zinazohamishika".