Gundi ya Mti

Mti husimama wima hata upepo ukivuma kwa nguvu, kwa sababu mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizoshikamana kwa gundi ngumu. Gundi hiyo huitwa lignini. Katika ratili 100 za mti mkavu, ratili 20 mpaka 30 ni lignini.

Wafanyao karatasi huzitaka nyuzi tu. Huvipika vipande vya mti pamoja na dawa kali, lignini ikayeyuka, ikatoka katika maji meusi. Zamani viwanda vingi viliyamwaga maji hayo mitoni, na samaki wakafa. Siku hizi vingi huyachemsha mpaka yawe mazito, kisha huyachoma kupata moto wa mitambo.

Walakini lignini ni mali. Imejengwa kwa vipande vinavyofanana na fenoli, yaani dawa itumiwayo kufanyia plastiki ngumu na gundi ya mbao. Fenoli hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini. Nayo yakiisha hayarudi, bali mti ukikatwa hupandwa mwingine.

Shida ni kuivunja. Vipande vyake havikuungana kama shanga katika uzi, bali vimeshikana huku na huku. Na moto ukizidi, vilivyoachana hushikana tena vikawa kama makaa. Lakini kazi yawezekana. Huko Sarpsborg, katika nchi ya Norwei, tangu mwaka 1962 kiwanda huvunja lignini ya miti ya jamii ya misonobari, kikapata vanilini, harufu tamu itiwayo katika vyakula. Na viwanda vingine hutia lignini katika gundi ya mbao badala ya sehemu ya fenoli.

Basi kile kilichotupwa mtoni sasa huunganisha mbao, kama kilivyouunganisha mti ulipokuwa hai.