Mnyama Mwenye Mdomo wa Bata

Mwezi uliopita, katika darasa la Jumamosi la madrasa yetu, kijana wa miaka tisa alichora mnyama wa mtoni mwenye mdomo wa bata, mwili wa manyoya kama fuko na mkia mpana mithili ya kafi. Alisema mnyama huyo yupo duniani. Tulimwambia mbele ya wenziwe kwamba huo ni uzushi, na kwamba mtoto wa Kiislamu hasemi uongo. Akaikunja karatasi yake, akanyamaza.

Jioni baba yake alitupigia simu. Kwa adabu kubwa alituomba tusome kwanza, kisha ndipo tumhukumu mwanawe. Tukasoma.

Mnyama huyo yupo. Kwa Kiswahili wapo wanaomwita kinyamadege, na makazi yake ni mito na vijito vya mashariki mwa Australia pamoja na kisiwa cha Tasmania. Wala hatukuwa wa kwanza kumkanusha. Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw, aliyeandika habari zake mwaka 1799, alishuku kwamba kuna mjanja aliyeunga mdomo wa bata kwenye kichwa cha mnyama mwingine. Shaka hiyo ilikuwa na sababu, kwani mabaharia wa zama hizo walileta kutoka Mashariki nguva wa kughushi, nusu kima nusu samaki. Lakini Shaw aliichunguza ngozi ile. Sisi, tuliohutubia mara nyingi juu ya kuhakikisha habari, hatukufanya hata hilo.

Jike hutaga mayai, kwa kawaida mawili, na watoto wakishaanguliwa huwanyonyesha. Hana chuchu: maziwa humtoka kwenye ngozi. Anapozama hufumba macho, masikio na pua, na mdomo ule ndio unaomwongoza, kwa kuwa huhisi umeme hafifu utokao katika misuli ya vijidudu anavyovisaka. Subhanallah! Wataalamu wa Ulaya walibishana kuhusu mayai hayo hadi mwaka 1884, William Caldwell alipothibitisha. Na mapema katika karne hiyo hiyo ya 19, mkuu mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia alikuwa amekwisha kuwaeleza wageni kwamba mnyama huyu hutaga mayai mawili. Hakusadikiwa.

Kuna aliyetuuliza iwapo nyama yake ni halali. Ad-Damiri wa Misri, aliyekusanya habari za wanyama na hukumu zao katika Hayatul Hayawan, hakuwahi kumsikia, nasi hatutarajii kumkuta buchani.

Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya darasa lile lile tukamwomba radhi mtoto yule. Mchoro hatukuubandika ukutani, kwani masheikh wana hitilafu juu ya picha za viumbe wenye roho, bali tulimpa nafasi aeleze mwenyewe. Alizungumza karibu dakika kumi. Alipofika kwenye mwiba wenye sumu ulio katika miguu ya nyuma ya dume, tulichukua kalamu tukaandika, maana hapo sisi tulikuwa hatujafika.