Farasi wa mifupa: Mnyama adimu wa Minecraft aletwaye na radi

WACHEZAJI wengi wa Minecraft huzunguka nyika na misitu ya mchezo huo kwa muda mrefu bila kumtia machoni farasi wa mifupa. Tatizo ni kwamba humtafuta kukiwa shwari, ilhali mnyama huyo huletwa na radi.

Mchezo huo wa tarakilishi, uliobuniwa nchini Uswidi na kutolewa rasmi mwaka wa 2011, humwachia mchezaji ulimwengu wa michemraba aujenge apendavyo. Farasi wa kawaida waliingizwa humo mwaka wa 2013 na hupatikana katika nyanda za nyasi. Mtego wa farasi wa mifupa ulifuata mwaka wa 2016.

Mtego huo hutegwa wakati wa mvua ya ngurumo. Katika toleo la Java, uwezekano wa radi moja kumleta farasi huyo ni kati ya asilimia 0.75 na 1.5 katika kiwango chepesi cha mchezo, na kati ya asilimia 2.25 na 6.75 katika kiwango kigumu. Radi inayopiga fimbo ya shaba ya kuivutia haimleti kamwe. Kwa hivyo, anayewinda hana budi kukaa mbali na fimbo hizo, mahali peupe anapoweza kuona mbali. Tena asizubae, kwani mnyama asiyefikiwa hutoweka baada ya dakika 15.

Mchezaji akikaribia umbali wa michemraba 10, radi hupiga tena na farasi mmoja hugeuka wanne. Kila mmoja hubeba mpiga upinde wa mifupa aliyevaa kofia ya chuma. Hapo ndipo wengi huharibu mambo. Kwa hofu ya mishale, hupiga ovyo na kuwaua wanyama waliowangojea kwa siku nyingi. Uhai wa farasi huyo ni mioyo saba na nusu tu, kiasi cha chini kabisa cha farasi wa kawaida. Upanga nao, katika toleo la Java, huweza kuwajeruhi hata walio kando ya adui aliyelengwa. Ni heri kujikinga kwa ngao, kisha kuwaangusha wapandaji mmoja mmoja kwa shoka au mishale.

Wapandaji wakishauawa, farasi waliosalia huwa wamekwisha kufugika. Kilichobaki ni tandiko. Tangu mwaka wa 2025, tandiko laweza kutengenezwa kwa ngozi tatu na kipande kimoja cha chuma.

Faida yake huonekana majini. Zamani farasi wa kawaida alikuwa akimtupa mpandaji wake penye kina kirefu, lakini huyu hutembea chini kabisa ya maji bila kuzama roho. Mpandaji ndiye apaswaye kukumbuka kwamba pumzi yake ina kikomo.

Jamaa yake, farasi zombi, kwa miaka mingi hakuwahi kujitokeza mwenyewe. Tangu Desemba 2025, huonekana usiku katika nyanda na savana, akipandwa na zombi mwenye mkuki.

Farasi wa mifupa hazaani. Anayempoteza hulazimika kuingojea mvua nyingine ya ngurumo.