Bamba la Komeo la Dirisha

Karibu na mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo tembe ya zamani ambayo leo ni nyumba ya makumbusho. Hapo Daktari Livingstone alikaa tangu mwezi wa Februari hata mwezi wa Agosti, mwaka wa 1872, akingoja wapagazi watoke pwani. Mwaka uliotangulia, wakati wa vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, Stanley naye alikuwa Kwihara, akatoboa matundu katika kuta za nyumba yake ili watu wapate kupiga bunduki kutoka ndani.

Siku zile Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Mizigo ya nguo, shanga na masango ilipanda kutoka Bagamoyo, na pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani. Mali nyingi ililala mjini kwa muda mrefu, na kila mwenye mali alitaka nyumba inayofungika. Njia moja ya zamani ya kufunga mlango ni pingo, yaani mti mnene unaolazwa nyuma ya mlango, ncha zake zikiingia katika matundu ya ukuta pande zote mbili. Angalieni vema jambo hili: mti huo ungawa wa mninga mgumu, hauna nguvu yo yote ikiwa matundu yamebomoka. Nguvu ya pingo imo katika ukuta unaolipokea.

Misafara ilikoma, na reli ya kati ikafika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Lakini kanuni ya pingo haikukoma. Twaiona hata leo katika komeo la dirisha.

Komeo la dirisha lina sehemu mbili. Ya kwanza hukazwa juu ya mlango wa dirisha, nayo ina ulimi wa chuma unaotoka na kurudi. Ya pili ni bamba, yaani kipande chembamba cha chuma chenye tundu, kinachokazwa katika mwimo. Ulimi ukitoka huingia katika tundu la bamba, na dirisha huwa limefungwa. Watu wengi waendapo dukani hulichungua komeo tu, wala hawaliangalii bamba. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, nikajifunza kwa hasara.

Katika shule moja niliyofundisha, tulinunua komeo zuri la shaba kwa dirisha la chumba cha vitabu. Bamba lake tulilipigilia kwa misumari 2 mifupi, kwa kuwa tulikuwa na haraka. Usiku mmoja mwanzo wa mvua, upepo mkali ulivuma. Asubuhi tulikuta dirisha wazi, vitabu vya kusomea vimelowa, na ramani zimeshikamana. Muhula ule wote wanafunzi 4 walisoma katika kitabu kimoja. Nikamwita fundi mzee, nikamwambia, "Baba, komeo hili ni bovu." Akalitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, komeo ni zima. Tazama bamba." Bamba lilikuwa likining'inia kwa msumari mmoja, na nyuma yake mti ulikwisha kuliwa na mchwa.

Basi fundi yule alinifundisha mambo matatu, nami nawapa ninyi.

Kuchagua bamba

Kwanza, bamba lifuate komeo lake. Kama ulimi ni wa mviringo, tundu liwe la mviringo. Kama ulimi ni wa pembe nne, tundu liwe la pembe nne. Ulimi wenye mteremko, unaojifunga wenyewe dirisha lisukumwapo, wahitaji bamba lenye mdomo uliokunjwa kidogo, ili ulimi uteleze juu yake usikwaruze mti.

Pili, tundu lizidi ulimi kidogo, yapata milimita 1 kila upande. Likibana sana, ulimi hautaingia. Likiwa kubwa mno, dirisha litagongagonga usiku kucha, na kule kugonga hulegeza skurubu.

Tatu, chagueni chuma kifaacho. Chuma cha kawaida kina nguvu, lakini hushika kutu kisipopakwa rangi au mafuta. Shaba nyeupe haishiki kutu, ila ni laini kuliko chuma. Ni vema bamba na komeo viwe vya namna moja, kwa sababu madini mawili mbalimbali yakigusana mahali penye maji, moja huliwa upesi.

Kulikaza bamba

Kabla ya kukaza bamba, yatupasa kujua tabia ya mti. Mti hunywa unyevu wa hewa. Huku Tabora mvua huanza yapata mwezi wa Novemba, huendelea hata Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu. Wakati wa mvua ubao huvimba kwa upana wake, na wakati wa kiangazi husinyaa. Kwa urefu wake haubadiliki sana. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi mwezi wa Septemba na yule anayefanya mwezi wa Februari hawapimi sawasawa. Wa Septemba sharti aache nafasi zaidi kati ya mlango wa dirisha na mwimo, kwa kuwa ubao utavimba. Wa Februari aache nafasi ndogo, tena ahakikishe ulimi waingia ndani sana, kwa kuwa ubao utasinyaa na kuurudisha nyuma.

Sasa kazi yenyewe. Jaribuni kwanza bawaba. Zikiwa zimelegea, zikazeni, kwani mlango wa dirisha ulioinama huushusha ulimi, na vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Kisha pakeni masizi kidogo kwenye ncha ya ulimi, fungeni dirisha, mkausukume ulimi mpaka uguse mwimo. Fungueni: mtaona alama nyeusi. Hapo ndipo mahali pa tundu.

Wekeni bamba juu ya alama, mchore ukingo wake kwa ncha ya kisu. Chimbeni kwa patasi kina kilicho sawa na unene wa bamba, si zaidi, ili bamba lilale sawa na uso wa mti. Kisha chimbeni tundu la ulimi, na kina chake kizidi urefu wa ulimi unaoingia, ili ubao ukivimba ulimi usigonge mwisho.

Msitumie misumari. Msumari hushika kwa kubanwa tu, na ukitikiswa kila siku hutoka. Skurubu hushika kwa meno yake yanayoingia katika mti. Toboeni kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko skurubu, kwa maana mninga ni mgumu, na pasipo tundu hupasuka. Pakeni sabuni kwenye meno ya skurubu ipate kuingia kwa wepesi. Kazeni skurubu moja kwanza, mjaribu kufunga na kufungua. Ikiwa ni sawa, ndipo mkaze nyingine. Skurubu ziwe ndefu za kufika katika mti mzima, yapata milimita 30.

Kulitunza bamba

Mara mbili kila mwaka, mwezi wa Oktoba kabla ya mvua na mwezi wa Mei baada yake, zungukeni madirisha yote. Ondoeni vumbi katika tundu, na udongo wa nyigu ambao hupenda kujenga humo. Kazeni skurubu kwa bisibisi. Pakeni ulimi mafuta kidogo. Gongeni mwimo kwa kidole: ukitoa sauti ya uwazi kama kibuyu kitupu, mchwa wamekwisha kuingia, na mti huo hauna budi kubadilishwa kabla ya bamba kurudishwa.

Kama tundu la skurubu limepanuka, chongeni kijiti cha mti mkavu, mkitie gundi, mkipigilie ndani, kikikauka mtoboe upya. Kama ulimi wakwaruza bamba, msiupige kwa nyundo. Pakeni tena masizi mwone ni upande upi unaogusa, mkaze bawaba, na ikiwa bado wagusa, lichongeni tundu la bamba kwa tupa kidogo kidogo. Kama dirisha lagongagonga, sogezeni bamba kwa upana wa unywele mmoja au miwili kuelekea ndani, ili mlango wa dirisha ubanwe vema.

Kazi hizi zote kwa dirisha moja hazichukui hata nusu saa. Vitabu vyetu vilivyolowa vilichukua muhula mzima kukauka, na vingine havikufunguka tena. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Komeo husifiwa na kila aingiaye chumbani, wala hapana alisifuye bamba, lakini siku ya tufani, bamba ndilo linaloulizwa kazi yake.

Maswali

1. Kwa nini pingo la zamani halina nguvu matundu ya ukuta yakibomoka?
2. Eleza tofauti ya kazi ya fundi wa mwezi wa Septemba na ya fundi wa mwezi wa Februari.
3. Masizi yana kazi gani katika kukaza bamba?
4. Chunguza madirisha ya darasa lako. Andika ni bamba ngapi zimelegea, na sababu ya kila moja.