Kura ya gemu Jette: mikono yasema hivi, karatasi zasema vile

Na Mwandishi Wetu, Brussels

Jette ni mojawapo ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels. Jumapili asubuhi watu hujaa kwenye soko la uwanja wa Reine Astrid, kisha kila mmoja hurudi kwake na mfuko wake wa mboga. Jumapili moja ya baridi kali sisi tulikuwa tumealikwa chakula na familia moja ya Kikongo mtaani hapo. Tulipofika ngazini tayari tulisikia kelele. Sebuleni tulikuta vijana 11, Wakongo, Warundi na Watanzania wawili, wakibishania jambo moja tu: gemu ipi ni bora kuliko zote?

Ubishi wenyewe si mgeni kwa wasomaji wetu walioko nyumbani. Nani asiyejua ugomvi wa FIFA na PES katika vibanda vya PlayStation? Majina nayo yamebadilika. PES iligeuka eFootball mwaka 2021, na FIFA 23 ndiyo ya mwisho ya kampuni ya EA kubeba jina la shirikisho hilo la soka. Tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC. Ubishi ukabaki palepale.

Kijana wa nyumba hiyo, mwenye mashine na mwenye pedi zote mbili, alisimama na EA Sports FC. Wapinzani walimwambia kwamba mchezo huo ni wa wenye pesa, kwa kuwa mtu hununua pakiti za bahati nasibu ili apate wachezaji wakali. Naye akajibu kwamba hapa Ubelgiji hilo halipo. Kweli, mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya nchi hii ilisema pakiti hizo ni kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake hapa.

Wengine walitaja GTA San Andreas ya mwaka 2004. Binti mmoja alitetea Baldur's Gate 3, iliyotengenezwa na Larian, kampuni ya mji wa Ghent, mwendo wa treni usiofika saa moja kutoka hapa. Mwaka 2023 gemu hiyo ilishinda tuzo kuu ya The Game Awards huko Marekani, na pia ile ya mashabiki peke yao. Si kila mwaka hao wawili hukubaliana. Katika tuzo kuu, jopo la majaji lina asilimia 90 ya uzito na mashabiki 10. Mwaka 2024 majaji walimpa ushindi Astro Bot, mashabiki wakamchagua Black Myth: Wukong.

Basi vijana wakaamua kupiga kura kwa kunyoosha mikono. EA Sports FC ilipata 8, San Andreas 2, Baldur's Gate 1. PES 6, ya mwaka 2006, haikupata hata mkono mmoja. Mwenye mashine akashangilia.

Mama mwenye nyumba, ambaye ugali wake ulikuwa unapoa, hakuridhika. Alichana daftari la shule, akagawa vipande, akaleta sufuria tupu, akaamuru kila mmoja aandike akiwa amegeukia ukutani. Kisha akahesabu mwenyewe kwa sauti: PES 6 kura 5, Baldur's Gate 3, EA Sports FC 2, San Andreas 1.

Sebule ikanyamaza. Kumbe waliojifunzia kucheza kwenye vibanda vya Goma, Bujumbura na Dar es Salaam hawakuthubutu kusema mbele ya mwenye pedi, maana atakayemuudhi leo atasubiri zamu mpaka usiku!

Sisi watu wazima tulicheka, lakini tulitazamana. Mmoja wetu alikumbusha mlolongo wa Kenya mwaka 1988, wakati wapiga kura wa KANU walipopangwa mstari nyuma ya mgombea wao au wakala wake, chifu akiwaona na jirani akiwaona. Ilidaiwa kuwa mstari mfupi ulitangazwa mshindi mahali kadhaa. Wapo miongoni mwetu waliohama makwao kwa sababu ya kura, na hawakuhitaji maelezo zaidi. Mkono ulioinuliwa hutueleza nani anaogopwa. Karatasi iliyokunjwa hutueleza nani anapendwa.

Kijana mwenye mashine aliomba zihesabiwe upya. Mama akahesabu tena, karatasi moja moja, na kila mtu akiziona. Matokeo yakawa yaleyale. Kijana akainama, akaunganisha pedi ya pili, akampa mdogo kuliko wote, aliyetoka Goma. Hatukujua kama naye alikuwa mmoja wa wale watano, na hakuna aliyemuuliza.